Afya ya Wanaotutibu ni Jambo Letu Sote



Mara nyingi mnatusikia tukizungumza juu ya mashamba, visima, na njia za kusuluhisha ugomvi kati ya wenyeji na wale waliokimbia vita. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya mwili wa muuguzi: anakula nini, anatembea kiasi gani, analala saa ngapi. Huenda mtajiuliza jambo hilo linahusu amani kwa njia gani. Sisi pia tulijiuliza hivyo, mpaka tulipoitwa katika kijiji kimoja kando ya reli, hapa katika teritwari ya Lubudi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2023. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule tunayezoea kumwita I.T., alianguka asubuhi akiwa anaandika kwenye daftari la wagonjwa. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Alikuwa hajafikisha miaka 50. Alipelekwa hospitali kuu kwa pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake ili asianguke. Mungu alisaidia, akaishi. Lakini kituo kilikaa karibu miezi 3 bila mtu wa kukiongoza, na akina mama wajawazito walilazimika kufunga safari ndefu kutafuta kituo kingine.

Hilo ni tatizo moja. La pili lilianza jioni ile ile. Siku mbili kabla, mama mzee mmoja wa familia zilizokimbia kutoka upande wa Mitwaba alikuwa amegombana na muuguzi huyo hadharani kwa sababu ya bei ya matibabu ya mjukuu wake. Basi ikasemwa: ni yeye. Amemroga. Usiku vijana wakajikusanya mbele ya nyumba yake wakiwa na mawe. Mkuu wa kijiji aliwahi, akasimama mlangoni, akawazuia kwa maneno makali. Kabla ya mapambazuko mama yule aliondoka na wajukuu wake watatu, na mahindi yake yakabaki ndani. Kuanzia hapo wakimbizi wakaacha kuteka maji kwenye kisima cha wenyeji, na wenyeji wakasema hawatakodisha tena mashamba kwa wageni.

Tulifanya vikao vitatu. Katika kikao cha pili, muuguzi kijana aliyefanya kazi pamoja na mgonjwa alisimama akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema mkubwa wake alikuwa na tansio, yaani shinikizo la damu, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Walikuwa wakipimana kwa mzaha wakati wa zamu za usiku, na mara mbili kipimo kilionyesha 18 kwa 11. Dawa alianza, akaziacha. Ukumbi ulinyamaza. Mgonjwa mwenyewe, alipopata nafuu ya kusema, alithibitisha, na ndiye aliyetuomba tueleze habari hii bila kutaja jina lake wala la kijiji.

Tansio ni kitu gani?

Tuanzie hapo, kwa sababu tumegundua kwamba viongozi wengi wanalijua neno lakini hawajui kinachotokea mwilini. Moyo ni pampu. Unasukuma damu ndani ya mishipa kama vile pampu ya kisima inavyosukuma maji ndani ya mpira. Mpira ukibanwa au ukikakamaa, pampu inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kuta za mpira zinachakaa. Siku moja mahali fulani panapasuka au panaziba. Ikitokea ndani ya kichwa, sehemu ya ubongo inakosa damu na kufa: huo ndio ugonjwa wa kiharusi, ambao unampooza mtu upande mmoja. Ikitokea kwenye mishipa ya moyo, mtu anashikwa na maumivu ya kifua na anaweza kufa papo hapo. Figo nazo zinaharibika polepole.

Kipimo kina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma, ya chini ni wakati moyo unapumzika. Kwetu Congo tunasema 12 kwa 8 kwa mtu aliye sawa. Ikifika 14 kwa 9 au zaidi, na ikarudia hivyo siku tofauti, mtu huyo ana ugonjwa. (Mashine nyingine zinaandika 140 kwa 90, ni kitu kile kile.)

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba kwa kawaida hauumi. Mtu analima, anacheka, anakunywa, na hajui. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu wazima wenye umri wa miaka 30 hadi 79 waliokuwa na shinikizo la damu duniani walikuwa bilioni 1 na milioni 280, na watu 46 katika kila 100 kati yao hawakujua kwamba wanaumwa. Kwa hiyo mtu anapoanguka ghafla, wanaomwona wanasema: jana alikuwa mzima. Hakuwa mzima. Na katika nafasi hiyo kati ya "jana alikuwa mzima" na "leo ameanguka", ndipo jina la jirani linaingia. Kama jirani huyo ni mgeni, mzee, mjane, asiye na kaka wa kumtetea, basi ndiye anayelipa.

Mganga hajigangi

Swali lililotusumbua zaidi lilikuwa hili: mtu anayefundisha wengine kila Jumatatu kuhusu chumvi na pombe, kwa nini hakujilinda mwenyewe?

Wazee walicheka wakasema mganga hajigangi. Ni kweli, lakini tulipokaa na wauguzi wa vituo vinne tuliona kwamba sababu zipo, na si uvivu tu. Kwanza ni zamu. Katika vituo vidogo muuguzi hana wa kumpokea. Anafanya kazi mchana, anaitwa usiku kwa mama anayejifungua, na kesho yake asubuhi watu wamejaa barazani. Mwili usiolala vizuri unapandisha damu, na unatamani sukari. Chai yake ina vijiko vinne. Chakula anakula saa tisa alasiri, mara moja, bukari kubwa na makayabu yenye chumvi kali, kisha anakaa. Anapotoka kazini amechoka, na mahali pa kupumzika palipo karibu ni kwenye chupa. Wengine hawana mshahara wa serikali, wanaishi kwa kidogo kinachobaki kwenye malipo ya wagonjwa, na wasiwasi wa pesa nao haulali.

Halafu kuna pikipiki. Wazee wanakumbuka waganga wasaidizi waliokuja kuchanja kwa baiskeli, au kwa miguu na sanduku la chanjo begani. Leo pikipiki inafika haraka, na hatusemi irudishwe. Lakini muuguzi wa leo anaweza kumaliza juma zima akitoka kitini na kupanda kwenye kiti kingine. Sisi wenyewe wa mashirika ndio mfano mbaya kabisa. Tulipopimana wote siku ile, mmoja wetu, ambaye anazunguka Lubudi, Bunkeya na Fungurume akiwa ndani ya gari, alikutwa na 15 kwa 10. Tuliona haya kidogo.

Si jambo jipya kwamba kukaa kunadhuru. Mwaka 1953, daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Katika kila basi walikuwemo wafanyakazi wawili: dereva aliyekaa siku nzima, na mkata tiketi aliyepanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Walilipwa na kampuni moja, walipumua hewa moja. Lakini wakata tiketi walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata, waliupata kwa ukali mdogo zaidi. Wauguzi wetu waliupenda sana mfano huo, na mmoja akauliza: "Na mimi je, ni dereva au ni mkata tiketi?"

Tena kuna uchunguzi uliofanywa juu ya wauguzi wenyewe. Ulianza mwaka 1976 huko Marekani na wauguzi wanawake zaidi ya 120,000, ambao kwa miaka mingi waliandika namna wanavyoishi. Mwaka 1999 ikatangazwa kwamba wale waliotembea kwa haraka saa 3 au zaidi kila juma walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa karibu thuluthi moja kuliko wale ambao hawakutembea. Hawakukimbia mbio. Walitembea tu. Na juu ya sigara, mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza, wakawajibu wapatao 40,000. Baada ya miaka 50 ikaonekana kwamba madaktari waliovuta sigara maisha yao yote walikufa miaka 10 hivi mapema kuliko wasiovuta. Elimu ya udaktari haikuwasaidia chochote.

Kutembea kiasi gani?

OMS ilitoa maelekezo mapya mwaka 2020. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kila juma za kazi ya mwili ya wastani, na akifika 300 ni bora zaidi. Au nusu ya hapo ikiwa ni kazi nzito kama kukimbia. Tena siku 2 au zaidi za kazi inayotia misuli nguvu, kama kulima, kupasua kuni, kubeba maji. Namna ya kujua kama mwendo unatosha ni rahisi: unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba.

Tupige hesabu pamoja. Kijiji kilicho umbali wa kilomita 4 kinafikiwa kwa miguu kwa dakika kama 50. Kwenda na kurudi ni karibu dakika 100. Muuguzi akienda mara 2 kwa juma kutembelea wajawazito na watoto wenye utapiamlo, ameshapita dakika 150 bila kununua kitu chochote. Tena njiani anasalimia watu, anaona ni nyumba gani mtoto haonekani tena nje. Katika vituo vile vinne tulikubaliana kwamba pikipiki itumike kwa dharura, kwa vijiji vya mbali na wakati wa mvua kubwa, na vijiji vya karibu vifikiwe kwa miguu, watu wawili wawili. Tunasema wawili wawili kwa sababu wauguzi wanawake walitueleza wazi kwamba hawatatembea peke yao njiani, na wana haki. Katika kijiji kimoja kamati ya wakimbizi na wenyeji walikubali kutoa msindikizaji mmoja kila upande. Hatukupanga hivyo tangu mwanzo. Ni akina mama waliodai.

Jambo la pili ni salongo. Wengi wenu mnalikumbuka neno hilo kwa uchungu, kwa sababu zamani watu walilazimishwa. Sisi tuliomba kitu chepesi: Jumamosi moja kwa mwezi, asubuhi, wenyeji na wakimbizi na wafanyakazi wa kituo wote wakate majani kuzunguka kituo, wachimbe shimo la takataka, watengeneze mifereji. Muuguzi naye ashike jembe, asisimame kando na kalamu. Kisha kila anayetaka apimwe tansio bure. Huko Kigali, tangu mwaka 2016 wanafunga barabara kwa magari siku maalum ili watu watembee na kukimbia, na wanapimwa sukari na shinikizo hapo hapo. Sisi hatuna lami ya kufunga, lakini majani tunayo.

Kwa ndugu zetu wa Fungurume na kando ya barabara kuu ya Kolwezi, ambako malori ya shaba na kobalti hayapumziki, mazoezi ya kando ya barabara si mazuri kwa kifua. Tafuteni njia za ndani, na mapema asubuhi kabla ya vumbi kupanda.

Lazima tuseme pia jambo hili ili tusieleweke vibaya. Mama aliyekimbia vita, anayebeba ndoo ya lita 20 mara tatu kwa siku, analima shamba la mtu mwingine na kuuza makala, hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anahitaji chakula na kupumzika. Tuliwahi kuona kikao ambapo mgeni kutoka mjini aliwahimiza akina mama wa namna hiyo wakimbie asubuhi, na wao wakatazamana. Maneno yetu ya kutembea yanawahusu wanaokaa: wauguzi, walimu, wafanyabiashara, wakuu wa vijiji wanaoletewa kila kitu, na sisi wa mashirika. Hata hivyo mama huyo naye apimwe, maana kazi ngumu haimkingi mtu kabisa, na chumvi haichagui.

Chumvi, kilevi, na kitambi

OMS inasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, tena ikihesabiwa yote iliyomo ndani ya chakula. Makayabu yana chumvi nyingi sana. Yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe mara mbili. Vile vidonge vya kutia ladha kwenye sombe ni chumvi pia, ingawa watu hawavihesabu. Anayetia vidonge asitie chumvi tena. Kuhusu lutuku hatuna maneno mengi: inapandisha tansio, inaharibu ini, na muuguzi anayenuka lutuku hakuna mgonjwa atakayemsikiliza.

Kitambi ni kigumu zaidi, kwa sababu kwetu ni heshima. Mwanamume mwenye tumbo anaonekana ana amani nyumbani. Muuguzi mmoja alipoanza kutembea na kupunguza bukari ya usiku, akapungua kilo kadhaa, majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana SIDA. Mke wake alilia. Hapo ndipo mkuu wa kijiji alipotusaidia kuliko mafunzo yetu yote: alimwita mbele ya watu siku ya salongo, akamwuliza kwa sauti, "Baba, mbona umekonda?", akamwacha aeleze mwenyewe. Kisha mkuu akanyosha mkono wake apimwe wa kwanza. Ilikuwa 16 kwa 9. Leo anakunywa dawa zake.

Tusiwadanganye: kutembea peke yake hakuponyi tansio iliyo juu. Kwa mgonjwa wa tansio, kwa kawaida kunashusha namba ya juu kwa nusu alama au zaidi kidogo, kwa mfano kutoka 15 kuja 14 na nusu. Kupunguza chumvi kunashusha tena kidogo, na kupunguza uzito vilevile. Vikijumlishwa vinaleta tofauti kubwa kwa miaka mingi. Lakini aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu hauumi, si kwa sababu umekwisha. Muuguzi wetu aliyeanguka alifanya kosa hilo hilo, akijua.

Viongozi wanaweza kufanya mambo mawili ambayo sisi hatuwezi. Moja ni kumpa muuguzi usingizi. Ninyi mnajua nani anabisha mlango wake saa nane usiku kwa homa iliyoanza siku tatu zilizopita. Kamati za afya ziseme wazi ni magonjwa gani yanamwamsha muuguzi: uzazi, mtoto anayetikisika kwa degedege, damu inayotoka, ajali, mtu aliyepooza ghafla. Mengine yasubiri asubuhi.

La pili ni kujua dalili za kiharusi na kuzisema kwa sauti siku inapotokea, kabla midomo mingine haijaanza. Mwambie mtu atabasamu: je, uso umepinda upande mmoja? Anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi: je, maneno yanavurugika? Ukiona hata moja, ni ugonjwa wa mishipa ya ubongo, na kila dakika ina thamani. Mlaze kwa ubavu, usimpe chakula wala maji kwa sababu anaweza kupaliwa, usimchanje chale, mpelekeni hospitali, mkumbuke saa dalili zilipoanza. Na mkuu wa kijiji aseme jina la ugonjwa mbele ya watu jioni hiyo hiyo.

Muuguzi wetu amerudi kituoni. Mkono wa kulia bado mzito, anaandika kwa wa kushoto, na kila asubuhi anatembea na fimbo mpaka kwenye reli na kurudi. Wakimbizi wanateka tena maji kisimani. Mama mzee hajarudi. Anaishi kwa mpwa wake katika kijiji kingine, na mkuu wa kijiji ameshamtumia ujumbe mara mbili. Muuguzi anasema kiangazi kijacho, Mungu akimpa nguvu, ataenda yeye mwenyewe, kwa miguu.